Nje Ibaki Nje

Kolwezi, Ijumaa, tarehe 21 mwezi wa pili

Kwa yaya wangu Kadija, dada yangu mkubwa,

Assalamu alaykum. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na shemeji Yassini na watoto, na kile kikohozi cha mtoto wa mwisho kiwe kimekwisha. Sisi huku hatujambo. Mama maumivu ya goti yamempungua, anafika sokoni na kurudi bila kupumzika njiani. Baba anakusalimu sana na anauliza kama mahindi ya Lubudi yameshatoa masuke, maana anasema ya mwaka jana hajayasahau. Mimi mwili wangu ni mzima. Kuhusu mengine, tafadhali soma mpaka mwisho ndipo useme neno.

Najua utashangaa kupata karatasi badala ya simu. Telefone yenu mnaitumia nyumba nzima, na ujumbe wangu wa sauti ungesikilizwa barazani mbele ya mama mkwe wako. Ninachotaka kukuambia ni cha macho yako peke yako. Ndiyo sababu nimemwomba dereva wa lori la shemeji akukabidhi barua hii mkononi.

Kitenge ulichonitumia Jumanne nilikipata, pamoja na maneno yako kwamba habari zangu zimefika mpaka Lubudi, kwamba watu wanasema mdogo wako ameokoa mtu Kasulo, na kwamba mama mkwe wako aliniombea dua baada ya sala ya Ijumaa. Nimekikunja kama kilivyokuja. Dereva anakurudishia. Usikasirike, yaya. Nitakueleza.

Lazima nianze na mchezo, kwa sababu hujawahi kuuona. Si kama ule wa kupanga matunda ambao watoto wako wanacheza kwenye telefone ya baba yao. Huu unaitwa Milki ya Ukungu. Ndani yake kuna nchi nzima yenye milima, masoko na barabara, na maelfu ya watu wanaingia kwa wakati mmoja, kila mtu na mwili aliojitengenezea na jina alilojipa. Unatembea, unakutana na watu, mnazungumza kwa sauti zenu wenyewe. Humo mimi si Bilkisi aliyerudishwa kwao baada ya miaka sita ya ndoa bila mtoto, anayeshinda kwenye cherehani akishona salopeti, nguo za kazi za wafanyakazi wa migodi, na kubandika mistari inayong'aa magotini. Humo mimi ni Liwali wa Ngome Nyeupe. Nikiingia ukumbini, watu arobaini wa kikosi changu wanasimama.

Ukitaka kujua utamu wa nchi ile uko wapi, uko kwa wenzako. Unaweza kusimama juu ya ukuta, ukungu unapanda kutoka bondeni, umesahau kabisa kwamba umekaa kwenye kiti cha plastiki. Mara anatokea mtu aliyejiita Kuku Choma, anarukaruka juu ya meza ya baraza na kuuliza nani anauza unite za kupigia simu. Hapo hapo ngome inakufa. Unabaki na kioo cha telefone na jasho la kiganja.

Wengine lakini wanakufanya uone hata kisichochorwa. Aliyewazidi wote aliitwa Fundi. Alikuwa mhunzi, na karakana yake ilikuwa karibu na lango. Ukienda kuchukua upanga, hakupi mara moja. Kwanza atalalamika kwamba makaa ya wiki hii yana unyevu, atakwambia usimame upande wa pili kwa sababu moshi unakufuata, atauliza kama lile jeraha la mkono limepona. Naapa nilikuwa nanusa ule moshi. Nilimjua hivyo miezi minane, na sikujua jina lake, wala mji wake, wala kama ana mke.

Sikujua kwa sababu ndivyo amri yetu ilivyokuwa: nje ibaki nje. Ukishaingia ngomeni, hakuna kusema umeme umekatika, hakuna habari za bosi, hakuna mtoto mwenye homa. Watu walitupenda kwa amri hiyo. Walikuja kutoka Likasi, Kindu, Bunia, hata Kigoma ng'ambo ya ziwa, kwa kusikia kwamba kwetu hakuna anayekuamsha ndotoni. Nami niliilinda amri ile kuliko nilivyowahi kulinda kitu chochote nyumbani kwa mume.

Mtu niliyemfukuza kwa ukali zaidi alikuwa mwanamke aliyejiita Mama Majani, muuzaji wa dawa za miti. Roho nzuri, mdomo haufungiki. Siku moja tulikuwa tunamzika mfalme wetu. Tumepanga safu, kimya, nasikia mwanamume mmoja analia kweli, ndipo sauti ya yule mama ikatoka: “Treni imefika! Mikate yangu iko ndani, acheni nikimbie.” Watu wakaangua kicheko, mazishi yakaharibika. Nilimtoa kwenye kikosi siku ile ile, na alipoomba msamaha sikumjibu. Hata hivyo hakuacha kuja. Alikuwa anasimama peke yake nje ya lango na kapu lake la majani, nami nampita kama nampita jiwe.

Jambo moja tu zaidi kuhusu mchezo, ili uelewe yaliyofuata. Kuna sauti mbili. Ya kwanza ni ya kikosi, tunaisikia sisi wenyewe tu, na mimi kama Liwali naweza kumfunga yeyote asisikike. Ya pili ni ya wazi, na yeyote aliyesimama karibu nawe anaisikia, awe wenu au mpita njia.

Sasa nije kwenye Jumapili ile, tarehe tisa. Mvua ilikuwa imepiga siku tatu. Asubuhi Wakristo wote wa mtaa wetu walikuwa makanisani, baba na mama wamekwenda kumwangalia shangazi, nyumba kimya. Siku hiyo tulikuwa tunafungua lango la kaskazini, jambo tulilolitayarisha wiki tatu, na kikosi kizima kilikuwa kimekusanyika kunisikiliza. Nilikuwa nimeanza hotuba yangu ndipo Fundi akanikatiza. Alisema ukuta unapasuka. Nilidhani anasema ukuta wetu, nikafurahi, maana ni yeye peke yake angeweza kuleta hofu nzuri kama ile kwa wakati ule. Nikamjibu kwa sauti ya Liwali kwamba ukuta huu umesimama miaka mia tatu, hauwezi kumwaibisha fundi wake leo. Watu wakashangilia.

Akaniita tena. Mara hii haikuwa sauti ya Fundi.

“Haina mchezo, mama. Mi njo Lukusa. Niko Kasulo, nyuma ya mashine ya kusaga. Nyumba inaingia mu udongo. Miguu yangu haitembei. Mutume bantu.”

Mtu wa Kindu akauliza kama yule anasema kweli. Mimi nilifikiri ni mchezo, yaya. Nilifikiri Fundi amebuni jambo jipya la kututisha na amepita mpaka kidogo. Nikawaambia wenzangu kwamba Fundi leo anacheza vizuri kuliko siku zote, lakini nje ibaki nje. Nikamfunga sauti. Ni kidole kimoja tu, unagusa na kuachia. Kisha tukafungua lango, tukaimba, ikapendeza sana. Mchana nilikula ugali wangu wote.

Kesho yake, Jumatatu, Mama Muamba, anayekaa Kasulo, alikuja kuchukua salopeti za mume wake. Akakaa, akaanza kunihadithia huku nikimalizia mguu wa mwisho. Alisema kwamba jana nyumba imezama jirani yao, nyuma ya mashine ya kusaga. Watu walichimba mawe ya kobalti chini ya mtaa miaka mingi, mashimo wakayaacha, mvua ikaingia, udongo ukakosa pa kusimama. Ndani alikuwa mwanamume mlemavu peke yake, mke wake yuko kanisani. Wanaume walimtoa dirishani, na hawajafika hata barabarani, chumba chote kikaenda chini pamoja na kitanda na kiti chake cha magurudumu. Nilimuuliza jina la mtu huyo. Akasema ni Tata Lukusa.

Cherehani ilikimbia mpaka mwisho wa nguo na kuendelea kushona hewani. Mama Muamba aliniuliza kama ninaumwa. Nikakata uzi, nikamkunjia zile salopeti. Miezi minane mtu yule alikuwa anapiga nyundo amesimama wima mbele yangu, na kumbe alikuwa amelala kitandani Kasulo, dakika ishirini kwa pikipiki kutoka hapa, na miguu isiyotembea.

Nilikwenda siku hiyo hiyo. Waliniambia amehifadhiwa mtaa wa Musonoi, kwa mwendesha taxi-moto, pikipiki ya abiria, aitwaye Sadrack, ambaye ndiye aliyewakusanya wanaume kumtoa. Nilikuta godoro chini, mtu mwembamba amefunikwa shuka mpaka kiunoni, na mke wake Mama Ngoyi anachochea makaa ya mbabula karibu na mlango. Sikuwa nimepanga la kusema. Nilisalimu tu, kama mtu anavyosalimu. Yule mtu akafungua macho.

“Njo Liwali,” akamwambia mke wake. “Ile ni sauti yake.”

Yaya, Mama Ngoyi aliacha mbabula akaja akanishika miguu. Mimi nimevaa kandambili zenye matope, na mwanamke aliyenizidi umri amepiga magoti analilaza shavu lake juu ya miguu yangu. Alikuwa analia na kusema kwamba mume wake aliita watu wake wa kwenye telefone, na Liwali akatuma watu. Majirani wakaingia kuniona. Mtu akaleta kiti. Nilitaka kusema hapana, na kila nilipofungua mdomo kulikuwa na mkono mwingine wa kushika.

Nilijua vipande vyote vya habari pale pale, nikiwa nimekaa kwenye kile kiti. Miaka mitatu iliyopita ukuta wa shimo ulimwangukia Lukusa kazini, ukamvunja mgongo. Jumapili ile alikuwa na mega za kuingilia mchezoni lakini hakuwa na unite za kupiga simu, na ujumbe aliomwandikia mke wake haukusomwa kwa sababu telefone ya Mama Ngoyi ilikuwa imezimwa kanisani. Majirani nao walikuwa wamekwenda kusali, na mvua inanyesha, hakuna aliyesikia akipiga kelele. Watu waliokuwa macho mbele yake ni sisi tu. Alipoona sauti yake imekatika kwetu alidhani ni mtandao, akabadilisha, akasema maneno yale yale kwa sauti ya wazi pale karakanani kwake, karibu na lango. Kisha Sadrack akafika na wanaume watano, akasema ametumwa na mtu wa mchezo wake. Lukusa akajijazia mwenyewe kwamba mtu huyo ni mimi. Angemfikiria nani mwingine?

Nilipotoka, Sadrack alinisindikiza mpaka barabarani. Nikamuuliza ni nani aliyempigia. Akasema ni dada yake mdogo anayeitwa Laure, anauza mikate kituoni Lubudi treni ikipita, na yeye pia anacheza mchezo ule. Alipiga akilia, akataja Kasulo, mashine ya kusaga na jina la mtu, akakata kwa sababu unite zilikwisha. Nikamuuliza kule mchezoni Laure anajiita nani. Nadhani nilikuwa nimeshajua. Akacheka, akasema anajiita Mama Majani.

Basi mtu niliyemfukuza alikuwa amesimama nje ya lango langu siku ile, kama kawaida yake, na yeye ndiye aliyesikia. Sisi arobaini tulikuwa ndani, kule kaskazini, tunaimba.

Baada ya hapo habari ilikwenda yenyewe. Pasta wa Mama Ngoyi alinitaja mbele ya waumini. Mteja wa salopeti alinisifu, fundi wa viatu wa pembeni alinisifu, baba aliwahadithia wazee msikitini, na madereva wakaibeba mpaka kwako. Kila aliyenipongeza nilimwitikia kwa kuinamisha kichwa, na watu wakasema tazama, na unyenyekevu pia anao.

Sasa, yaya, yaliyobaki ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu. Hapo juu nimeandika kwamba nilifikiri ni mchezo. Nimeusoma tena mstari ule, na siwezi kukutumia hivyo. Si kweli.

Lukusa alipokuwa anasema, mvua ilianza kupiga mabati ya nyumba yake, na katika pumzi hiyo hiyo ikaanza kupiga mabati ya kwangu. Mvua moja. Halafu nyuma ya maneno yake nikasikia ile sauti. Wewe unaijua. Miaka kumi na moja iliyopita, tulipokuwa bado tunakaa Kasulo na shimo la majirani likafika chini ya jiko letu, wewe ndiye uliyenishika mkono ukanivuta nje, na nyuma yetu udongo ukalia kama mtu mkubwa anayemeza mate. Sijawahi kuisikia tena mahali popote, mpaka Jumapili ile, masikioni mwangu, ndani ya telefone.

Nilijua. Nilijua ni mtu wa kweli na nyumba ya kweli, na nilijua iko wapi. Na bado kidole kilikwenda. Nilikuwa nawaza kwamba nikikubali tu kuwa yule ni mtu wa Kasulo, basi na mimi ni mtu wa Kolwezi, mshona salopeti, mke aliyerudishwa, na watu wote arobaini watanisikia nikigeuka kuwa huyo. Ilikuwa imebaki robo saa tu lango lifunguliwe nami nikiwa Liwali. Nilijiambia kwamba yuko mtu mwingine atakayesikia. Kisha nikasema ile sentensi ya Fundi anacheza vizuri, ili wengine nao wasiamke.

Juzi Jumatano nilirudi Musonoi saa ambayo Mama Ngoyi huwa sokoni. Nilimwambia Lukusa yote, kama nilivyokuandikia wewe, bila kuacha ile sauti ya udongo. Hakunikatiza. Aliangalia mabati muda mrefu.

“Ulinisikia muzuri?” akaniuliza. “Jina? Na miguu?”

“Nilisikia vyote, tata.”

Nilitamani anitukane. Nje mtu alikuwa anapasua kuni, nikawa nahesabu mapigo. Kisha akasema taratibu:

“Ngoyi, tangu ile siku, analala. Mbele ya pale alikuwa halale. Kila akitoka, aliwaza nitaita na hakuna mutu. Sasa anajua nikiita, bantu banasikia. Usimunyanganye ile. Mi nikasirike ao nisikasirike, ile ni yangu. Ye umuache na usingizi wake.”

Nilimwahidi. Sikuambiwa nimesamehewa, wala sikuuliza. Alivuta shuka mpaka kifuani akafumba macho, nikaelewa kwamba niondoke. Kwa hiyo Jumapili ijayo Mama Ngoyi akinitembeza tena mbele ya ndugu zake, nitainamisha kichwa kama kawaida. Hiyo ndiyo sehemu yangu, na sitapata mtu wa kunipunguzia.

Mchezoni nimeacha uliwali. Niliwaambia wenzangu kwamba Fundi alisema kweli na mimi ndiye niliyemfunga sauti. Kumi na tatu waliondoka. Nilitaka kuondoka na mimi, mtu wa Kindu akasema nikae mahali wanaponiona. Tangu hapo hakuna anayeamini ngome tena. Mtu akinyamaza kidogo, hata kama amekwenda kunywa maji tu, wengine wanaanza kumwita: uko? Na yeye anajibu: niko. Tunakaa vile, yaya, kwenye ukumbi mkubwa wenye mienge, tunaulizana kama tuko.

Nina ombi moja. Laure hajashukuriwa na mtu. Kaka yake anasema dada yake ameona sifa zote zinakuja kwangu na hakusema kitu, aliuliza tu kama yule tata anaendelea vizuri. Namba yake ninayo. Nimeipiga mara mbili, na mara zote mbili nimekata kabla hajapokea. Jambo kama hili haliombewi msamaha kwenye simu, wala aliyekosa haendi peke yake bila kutanguliwa na mkubwa wake. Nenda kituoni siku treni itakapopita, umuulize Laure wa mikate, wote wanamjua. Mwambie wewe ni dada wa Bilkisi. Mpe hicho kitenge, ni chake. Na umuulize kama anakubali nije. Akikubali, nitapanda lori la shemeji Jumamosi ya wiki ijayo. Akikataa, usimbembeleze.

Barua hii ukishaisoma ichome, kwa ajili ya Mama Ngoyi, si kwa ajili yangu. Nisalimie shemeji Yassini, mama mkwe wako, na watoto mmoja mmoja kwa majina yao. Baba na mama wanakumbatia nyumba yako yote. Mungu awalinde na mvua hizi, na akupe wewe moyo wa kuendelea kuniita mdogo wako.

Ni mimi,
Bilkisi